Mnauliza Tunajibu: Muvi Tunazozipenda na Imani Yetu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Safari hii maswali ya muvi yamezidi yote, kwa hiyo ukurasa mzima nimeyaachia hayo hayo. Barua zingine nimezifupisha ila hoja ziko vilevile mlivyoziandika.

SWALI: Shalom mtumishi. Mi naimba kwaya, kiongozi wetu anasema mtu aliyeokoka hatazami muvi za dunia kabisa na akijua umetazama anakusimamisha huduma. Napenda muvi toka utotoni. Ni dhambi kweli au ni msimamo wake tu? – Kijana wa sauti ya tatu

JIBU: Mwanangu, kwanza usimdharau kiongozi wako, pengine ameona vijana waliopotelea huko na anaogopa kukupoteza na wewe. Tena kuna muvi ambazo hata mimi sina la kuzitetea. Ikiwa ni ya uchi na ngono hapo hakuna uchambuzi wa kufanya, Mathayo 5:28 imeshamaliza, kutazama kwa kutamani ni kuzini moyoni, zima, na usijiambie kwamba wewe unafuata stori tu.

Ila kutoka hapo kwenda kusema kila kilichotengenezwa na mtu asiyeokoka ni dhambi, hapo anaongeza ambalo Maandiko hayajasema. Soma Matendo 17. Paulo alifika Athene, akazunguka mji akaona sanamu zilivyojaa, roho ikamchoma kwelikweli, lakini aliposimama Areopago kuhubiri akanukuu washairi wao wenyewe, "Maana sisi sote tu wazao wake", na huo ni mstari wa Arato ambaye alikuwa anamsifu Zeu, mungu wao! Tena ule mstari tunaoutumia sana kuwakataza vijana muvi, 1 Wakorintho 15:33, "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema", ni msemo unaojulikana kutoka kwa Menander, Mgiriki aliyekuwa anaandika michezo ya jukwaani. Sisemi Paulo alikuwa anashinda kwenye maonyesho, hapana, nachosema alijua watu wake wanapenda nini na akajua pa kushika ili awafikishe kwa Kristo.

Kinachonisumbua zaidi mimi ni vile tunavyopima. Tunahesabu matusi na mabusu, tukikuta sifuri tunasema muvi safi hii, watoto wakae nayo. Kumbe muvi isiyo na tusi hata moja inaweza kukaa na mtoto saa mbili ikimwambia fuata moyo wako na hautakosea, wakati Yeremia 17:9 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote. Kwa hiyo mimi nikimaliza kutazama najiuliza, huyu aliyetengeneza anasema shida ya mwanadamu ni nini, nani anamtoa kwenye hiyo shida, kwa gharama ya nani, na amenifanya nimpende nani na nimchukie nani? Ukianza kuuliza hivo utashangaa ni ngapi ulizozipitisha bila kuziangalia, na ni ngapi ulizozikataa ambazo zina kitu cha maana ndani.

Kuhusu kusimamishwa, kamwone mkiwa wawili, usianzie kwenye grupu la kwaya. Warumi 14, ile ya kutohukumiana, msome pamoja yote. Halafu kama kanisa lenu limekubaliana wahudumu wasitazame, basi wewe ukiwa mhudumu heshimu, hutapungukiwa kitu.

SWALI: Mchungaji, nafundisha watoto shule ya Jumapili. Niliwawekea Noah, ile ya 2014 ya Russell Crowe, nikajua ni ya Biblia haina shida. Katikati mtoto akaniuliza mwalimu haya majitu ya mawe yako sura ya ngapi? Nikakosa jibu. Je, muvi za Biblia zinaaminika? Na The Passion of the Christ naweza kuwaonyesha? – Mwalimu wa watoto

JIBU: Mwalimu, huyo mtoto mpe zawadi, amefanya ambalo watu wazima wengi hatulifanyi.

Na hapa niseme ambalo pengine litawashtua baadhi, mimi naogopa zaidi muvi za Biblia kuliko muvi za kawaida. Muvi ya kawaida unaitazama ukijua ni stori ya mtu. Muvi ya Biblia unaitazama umeshusha mikono, na picha zake zinaingia kichwani zinakaa palepale yalipokaa Maandiko, baada ya miaka hujui tena hiki nilikisoma au nilikiona. Waulize watu kanisani Farao wa Musa aliitwa nani, wengi watakwambia Ramesesi bila kusita. Kitabu cha Kutoka hakimtaji jina. Kutoka 1:11 kinataja mji wa Ramesesi, jina la mfalme hakuna, ila The Ten Commandments ya 1956 ilimwita hivyo na The Prince of Egypt ya 1998 ikamwita hivyo tena.

Sasa turudi kwa Nuhu. Yale majitu muongozaji Darren Aronofsky aliyapata kwa kuyaendeleza mambo ya Mwanzo 6 kuhusu Wanefili pamoja na hadithi za Kiyahudi za zamani zilizo nje ya Biblia, na hilo si kubwa sana kwangu. Hata lile la Shemu peke yake kuwa na mwenzake kwenye safina unalisahihisha kwa mstari mmoja, Mwanzo 7:13 inasema waliingia wake watatu wa wanawe. Kubwa ni hili. Kwenye muvi mbingu ziko kimya, Nuhu anaota ndoto anabaki kubahatisha Muumba anataka nini, mpaka anafikia kuamini kwamba wanadamu wote wafe na anasimama na kisu juu ya wajukuu wake wachanga. Ukifungua Mwanzo unakuta kinyume chake kabisa! Mungu anaongea mwanzo mpaka mwisho, 6:13, 7:1, 8:15, 9:1, anatoa mpaka vipimo vya safina, dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu, na anayekaa kimya ni Nuhu, hakuna hata neno moja la Nuhu lililoandikwa mpaka 9:25 gharika imeshapita zamani. Yaani muvi imembadilisha Mungu anayesema na mtu anayetii, ikatupa Mungu aliyenyamaza na mtu anayehangaika. Hilo ndo la kuwaonyesha watoto, na ukiwa na Biblia mkononi litakuwa somo zuri kuliko somo ulilokuwa umeandaa.

The Passion of the Christ ya 2004 naipenda na imenitoa machozi, sifichi. Lakini usiwaonyeshe watoto. Kupigwa mijeledi Yohana anakumaliza kwa mstari mmoja, 19:1, muvi inakaa hapo dakika nyingi na haikuachi upumue. Halafu kwa watu wazima, jueni kwamba vitu vingi humo havitoki kwenye Injili. Mke wa Pilato kumletea Mariamu vitambaa, wakafuta damu ya Yesu sakafuni, hiyo imetoka kwenye maono ya mtawa wa Ujerumani Anne Catherine Emmerich aliyefariki 1824, ambayo mshairi Clemens Brentano aliyaandika yakachapishwa 1833. Mathayo 27:19 inasema tu mke alituma ujumbe kwamba ameteswa na ndoto. Na yule mwanamke aliyekaribia kupigwa mawe wa Yohana 8 muvi imemfanya Mariamu Magdalena, Biblia haijasema hivyo popote, Luka 8:2 inasema alitokwa na pepo saba basi. Dada wa watu amebebeshwa kesi ya mwingine karne na karne na bado tunaendelea kumbebesha.

Jingine ambalo nimelitafakari sana kwenye hiyo muvi ni ufufuo. Umewekwa mwishoni kabisa, kipande kifupi mno. Linganisha na hotuba ya Petro siku ya Pentekoste, Matendo 2, kusulubiwa anakutaja kwenye mstari wa 23 halafu kuanzia wa 24 mpaka wa 36 anazungumzia kufufuka na kuinuliwa. Ukitaka kuitumia na vijana, msizime tivii mkaenda kulala na ile damu, someni Matendo 2 usiku huohuo.

Watoto watafutie Jesus ya 1979, imefuata Luka kwa karibu sana na imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000 na Kiswahili kimo. Wakubwa wanaopenda The Chosen, ile tamthilia ya maisha ya Yesu, nao waendelee, angalau wale mwanzoni kabisa mwa kipindi cha kwanza waliandika kwenye skrini kwamba wameongeza mazungumzo na historia za wahusika, na wakatuambia tusome Injili. Huo ni uungwana.

SWALI: Mwenzangu kazini kila siku ananiambia niangalie The Da Vinci Code, eti Yesu alifanywa Mungu kwa kura kule Nikea. Nimjibu nini? – Ndugu mwenye mgogoro wa lanchi

JIBU: Mjibu kwa upole na kwa tarehe. Mtaguso wa Nikea, yaani kile kikao cha maaskofu, ulikuwa 325. Barua ya Paulo kwa Wafilipi ni ya karne ya kwanza, na 2:6-11 inasema kila goti litapigwa kwa jina la Yesu. Halafu kuna Plini, gavana wa Kirumi wala hakuwa Mkristo, mnamo mwaka 112 alimwandikia Kaisari Trajani kwamba Wakristo wanakutana kabla jua halijachomoza wanamwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni miaka zaidi ya 200 kabla ya Nikea! Kilichowapeleka Nikea ni Ario aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na mwisho wa yote maaskofu waliosimama naye wakakataa kutia sahihi tamko la imani la mtaguso walibaki wawili tu. Mwambie hayo kisha mwalike msome Wafilipi, ni sura 4 tu, hata wakati wa chakula cha mchana mnaimaliza.

SWALI: Shalom. Wanangu wanaipenda Black Panther mpaka wanalala na nguo zake. Ila kuna ile ya shujaa wao T'Challa kuzikwa kwenye mchanga na kwenda kuongea na marehemu baba yake, na wanamtaja mungu Bast. Mume wangu anasema niwaache ni watoto, mimi moyo hautulii. – Mama wa wavulana wawili

JIBU: Mama, moyo wako hautulii kwa sababu nzuri, na mume wako naye ana hoja, kwa hiyo msigombane kwa hili.

Kumbukumbu la Torati 18:11 iko wazi kuhusu kutafuta habari kwa wafu, na wanao wakiwa na umri wa kuuliza wana umri wa kuelezwa. Waambie tu, baba yake T'Challa kwenye stori anaongea naye, sisi tukiwa na shida tunaongea na Mungu aliye hai. Mtoto anaelewa. Ukinyang'anya nguo bila kueleza atakachojifunza ni kwamba imani ya mama ni kunyang'anya vitu.

Lakini mama naomba uitazame tena wewe mwenyewe, kuna kitu humo watu wengi kimewapita. Mara ya kwanza T'Challa anapomwona baba yake anapiga magoti, analia, anataka kuwa kama yeye. Baadaye anagundua baba yake alimuua ndugu yake mwenyewe na akamtelekeza mtoto wa huyo ndugu ugenini, na huyo mtoto ndo amerudi mtu mzima amejaa hasira. Mara ya pili anapoenda kule haendi kupiga magoti, anasimama anamwambia baba yake na wazee wote waliosimama nyuma kwamba mlikosea, nyote mlikosea. Mimi hapo nilisimamisha muvi. Muvi inayoheshimu wazee waliotangulia kiasi kile imefika mahali inakiri kwamba na wao walitenda dhambi na hawawezi kuwa ndo wokovu wetu. 1 Petro 1:18 inasema tumekombolewa tutoke katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu, na hao hao baba zetu tunaamriwa kuwaheshimu. Kumpenda baba na kukataa dhambi yake, hilo ni zungumzo la kukaa nalo na wavulana wakikua, na baba yao awepo, tena yeye ndo aliongoze.

Muvi haina jibu la mwisho hapo, T'Challa anajaribu kulipa deni kwa kufungua nchi yake na kusaidia watu. Jambo jema, ila yule binamu yake ameshakufa amekataa kutibiwa. Nani analipa deni la wafu? Hapo ndo pa kumleta Kristo, na hutamleta kwa nguvu, stori yenyewe imeacha mlango wazi.

SWALI: Muvi za kutisha zenye mapepo kama The Conjuring, Mkristo anaruhusiwa? Wanasema zinaonyesha shetani yupo kweli. – Msomaji

JIBU: Yupo kweli, ila zinamwonyesha akiwa mkubwa kuliko alivyo. Humo pepo anatamba saa nzima na nusu na watu wa Mungu wanamtupia misalaba na Kilatini kama silaha ambayo saa ingine inafanya kazi saa ingine haifanyi. Kwenye Marko 5 jeshi zima la pepo linamwona Yesu kwa mbali, linapiga magoti na kuomba ruhusa hata ya kuingia kwenye nguruwe. Ukiona baada ya kutazama unaogopa kwenda chooni usiku na maombi yako yamejaa hofu, acha hizo muvi, hazikujengi. Sina la kuongeza.

SWALI: Mtumishi naandika kwa uchungu. Nilitazama War Room nikapata imani, nikatenga sehemu ya maombi chumbani, nikabandika karatasi ukutani. Mume wangu hajabadilika, mwishowe ameondoka. Kwenye muvi ilichukua siku chache. Nimekosea wapi? – Dada aliyechoka

JIBU: Dada yangu, pole sana. Nimesoma barua yako nikaiombea kabla ya kushika kalamu na bado nakuombea. Hujakosea popote. Kuomba kwako hakukuwa bure na hakuna namna ya kubandika karatasi ambayo ingemlazimisha mtu mzima atubu.

Nizungumzie hizi muvi zetu sasa, na nasema kwa upendo maana waliozitengeneza ni ndugu. Facing the Giants ya 2006 ilitengenezwa na kanisa la Kibaptisti huko Albany, Georgia, waumini wakajitolea kuigiza na kupika, na bajeti yake ilikuwa kama dola 100,000 tu, nawaheshimu kwa hilo. Ila angalia stori. Kocha anamrudia Mungu, timu inaanza kushinda, anapewa gari, mke aliyekuwa hashiki mimba anashika, na hata mechi ya mtoano waliyofungwa wanarudishwa mashindanoni kwa sababu wapinzani walichezesha wachezaji wasioruhusiwa. Kocha mwenyewe anasema tukishinda tutamsifu Mungu tukishindwa tutamsifu, maneno mazuri sana, lakini stori haimwachi ashindwe. War Room ya 2015 ni vilevile, mke anaomba na mume aliyeko mgahawani na mwanamke mwingine anaumwa tumbo ghafla. Mungu anaweza kufanya hivyo, naamini kwa moyo wote. Ila ukizitazama nyingi unaanza kuona kama maombi ni malipo na jibu ni bidhaa, halafu bidhaa isipokuja unajilaumu wewe.

Waebrania 11 ingekuwa muvi wengi tungetoka ukumbini kwenye mstari wa 35. Mpaka hapo simba wamefungwa vinywa, moto umezimwa, wanawake wamepokea wafu wao. Kisha ghafla wengine wakapigwa mawe, wengine wakakatwa kwa misumeno, na imani yao haikuwa ndogo kuliko ya wale wa kwanza. Na wale vijana watatu wa Danieli 3 walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, "Bali kama si hivyo". Hilo "kama si hivyo" ndo linakosekana kwenye muvi zetu nyingi.

Ukipata nguvu tazama Chariots of Fire ya 1981. Ni ya Eric Liddell, mkimbiaji Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Muvi inaonyesha alijua akiwa anapanda meli, ukweli alijua miezi kabla akapata muda wa kujiandaa na mita 400, na akazishinda kwa sekunde 47.6. Jumapili yenyewe muvi inamweka kanisani anasoma Isaya 40, "watapiga mbio, wala hawatachoka", huku picha zinaonyesha wengine wakianguka kwenye mbio. Angeweza muongozaji kuishia kwenye medali. Lakini mwisho yanaandikwa maneno kwenye skrini kwamba alikwenda kuwa mmisionari akafia China. Alifia kwenye kambi aliyofungwa na Wajapani, Februari 1945, ana miaka 43, miezi michache kabla kambi haijafunguliwa. Mungu wa ile medali na Mungu wa ile kambi ni mmoja, na Liddell alimpenda kote kuwili.

Hizo karatasi usizibandue kwa hasira. Na usiomboleze peke yako dada, tafuta mama mmoja kanisani kwako unayemwamini umweleze yote.

SWALI: Vijana wetu wanataka jioni ya muvi na majadiliano mara moja kwa mwezi. Tuanze na ipi? – Mlezi wa vijana

JIBU: Kwa walio na miaka 18 kwenda juu anzeni na Les Misérables ya 2012. Karibu yote inaimbwa kwa hiyo waandae mapema wasije wakakata tamaa, na ina sehemu ya mama mmoja, Fantine, kuuza mwili wake ambayo inaumiza, ndo maana nasema si ya watoto.

Mfungwa aliyeachiwa, Valjean, anamwibia askofu vyombo vya fedha, polisi wanamrudisha, askofu anawaambia nilimpa mwenyewe, tena umesahau vinara hivi, anamwongezea. Huyo askofu kaigiza Colm Wilkinson, ambaye mwaka 1985 jukwaani London ndiye aliyekuwa yule mfungwa, sasa yeye ndo anatoa vinara. Vijana wote watampenda askofu, hapo hakuna mjadala mrefu. Mkae zaidi na Javert, askari aliyeshika sheria maisha yake yote. Valjean anapata nafasi ya kumuua anamwachia huru, na Javert anashindwa kuishi na hiyo huruma, anajitupa mtoni. Waulize kwa nini msamaha umemshinda mtu mwadilifu na haukumshinda mwizi, kisha someni Luka 15 kuanzia mstari wa 25, yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia ndani. Usiwahi kuwapa jibu lako, waache wabishane kwanza. Na muanze mapema, muvi yenyewe inapita saa mbili na nusu na mjadala utataka muda wake.